Hesabu ya Wagonjwa na Haki ya Mgao

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi neno moja lililotusumbua tangu siku nyingi. Jumapili moja, baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alitujia akasema: "Baba Mchungaji, serikali ina fedha ya kuwatunza wagonjwa wa UKIMWI. Mbona wenzetu wa Njombe wapata nyingi, na sisi wa Kitangari twapata kidogo? Je, sisi si watu?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tukamwambia, "Mzee wetu, utupe muda." Leo twajaribu kumjibu, naye na asome pamoja nanyi.

Sisi tukaao juu ya uwanda wa Makonde hatuna haja ya kufundishwa kwamba kugawa ni kazi ngumu. Huku juu udongo hunywa mvua yote, wala mito hakuna. Maji yatoka bondeni, katika visima vya Mitema hapa Kitangari, nayo husukumwa kwa mashine yapande mpaka Newala na Tandahimba na vijiji vingi. Kila mmoja wetu ajua ya kuwa aliye karibu na tangi hupata, na aliye mwisho wa bomba hungoja na ndoo yake. Hakuna aliyemchukia huyu wa mwisho, wala hakuna aliyeamuru akose. Bomba ndivyo lilivyo. Neno hili tulishike, kwa maana litatusaidia mbele: mtu aweza kudhulumiwa pasipo kuwako mtu anayemchukia.

Sasa tutazame fedha yenyewe. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza katika nchi yetu mwaka 1983, katika mkoa wa Kagera. Hata mwaka 1999 ulipokuwa ukielekea mwisho, Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi, alitangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Mwaka 2001 ikawekwa sheria ya kuunda Tume ya Kudhibiti UKIMWI, na katika kila halmashauri zikawekwa kamati za kazi hiyo. Mwaka 2004 serikali ikaanza kuwapa wagonjwa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Twakumbuka vema miaka iliyotangulia, jinsi tulivyokwenda makaburini wiki baada ya wiki. Asiyeshukuru kwa dawa hizo amesahau upesi mno.

Fedha ya kazi hizi haitoki mfuko mmoja, wala haigawanywi kwa kanuni moja. Iko ruzuku ya afya ambayo serikali huzipelekea halmashauri zote. Mwaka 2004 iliwekwa kanuni ya kuigawa. Katika kila shilingi 100, shilingi 70 zifuate wingi wa watu, 10 zifuate wingi wa maskini, 10 zifuate urefu wa njia ambazo gari la afya lazima lizipite, na 10 zifuate vifo vya watoto wasiotimiza miaka 5. Waliotunga kanuni hiyo walifikiri kwa haki, kwa kuwa walikumbuka umaskini na umbali. Lakini sehemu kubwa ya ruzuku ni mishahara, na mishahara huenda pale watumishi walipo. Mganga asipokubali kukaa mbali na mji, fedha yake nayo haikai huko. Kanuni yasema hivi, na bomba lafanya vile.

Iko tena fedha ya wafadhili, nayo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mzigo wa ugonjwa huu. Mfuko wa Dunia ulianza mwaka 2002, na mwaka 2003 Rais George W. Bush wa Marekani alianzisha mpango uitwao PEPFAR. Kuanzia miaka ya 2014 na 2015 wakuu wa mpango huo walikaza shauri la kupeleka nguvu zaidi mahali penye wagonjwa wengi. Hapo ndipo tunapofikia swali la mzee wetu.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi nzima miaka ya 2022 na 2023 ulionyesha ya kuwa katika kila watu wazima 1,000, watu 44 wana virusi. Lakini Njombe walikuwa 127 katika kila 1,000, na Kigoma 17 tu. Basi, mzee wetu, tuseme wewe una watoto wawili, mmoja ana homa kali na mwingine amejikwaa kidole. Ukiwagawia dawa sawasawa, je, umetenda haki? Hasha. Aliyezidiwa apewe zaidi. Wana wa Israeli jangwani hawakupimiwa mana kwa cheo wala kwa nguvu, bali kila mtu kwa mahitaji yake. Kwa hiyo Njombe kupata zaidi si dhuluma, na kuwaonea kijicho wenzetu kwa sababu ya misiba yao ni neno la aibu. Sisi tushukuru kwamba katika mkoa wetu wa Mtwara wagonjwa si wengi kama huko.

Lakini jibu hili halimalizi neno lote. Mahali penye wagonjwa wengi, kliniki ya tiba iko karibu, na muuguzi mmoja huwahudumia watu wengi kwa siku moja. Mahali penye wachache, hao wachache wametawanyika. Mmoja yuko kijiji hiki na mwingine yuko kijiji cha mbali, mteremkoni, ambako wakati wa masika pikipiki yashindwa kupita. Kumfikia huyu mmoja ni gharama kubwa kuliko kumfikia mmoja wa mjini. Basi mtu akisema, "Huko ni wachache, tuwape kidogo," amehesabu vichwa, lakini hakuhesabu njia. Mgonjwa mwenyewe haugui theluthi ya ugonjwa kwa sababu amezaliwa penye wagonjwa wachache. Ugonjwa wake ni mzima, na mauti yake ni nzima.

Twakumbuka habari ya kanisa la kwanza kule Yerusalemu, iliyo katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika chakula cha kila siku. Haikuandikwa kwamba mtu alikusudia kuwanyima. Huenda waliogawa waliwapa wale waliowajua, nao wageni hawakujulikana sana. Mitume waliposikia manung'uniko hawakuwakemea wanung'unikaji. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema wasimamie kazi ile, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Twajifunza mambo mawili. Kwanza, aliyesahauliwa yampasa aseme. Pili, dawa ya mgao mbaya si kugombana, bali ni kuweka mezani watu waaminifu wanaowajua wale waliosahauliwa.

Mpaka hapa tumesema habari za serikali na wafadhili. Tungeweza kuishia hapa, na kila mtu angekwenda zake ameridhika kwamba kosa liko mbali. Lakini liko neno lililotuchoma sisi wenyewe, wala hatuwezi kulificha.

Yuko mama mmoja, naye ametupa ruhusa tuseme habari yake pasipo jina. Kwa miaka mingi alichukua dawa zake katika wilaya nyingine. Kila alipotakiwa kwenda, aliondoka alfajiri kwa basi la kwanza, na majirani aliwaambia amekwenda kumwona binti yake. Ukaja mwaka ambao korosho zake zilipatikana kidogo sana, akakosa nauli. Mwezi wa kwanza akakosa dawa, na wa pili vilevile. Alipoanza kukohoa na kukonda, mwanawe alitujia usiku. Tukamwendea. Tukamwuliza, "Mama, kituo kiko karibu nawe hapa. Kwa nini wenda mbali hivi?" Akajibu, "Baba Mchungaji, afadhali nauli kuliko maneno." Hatukuuliza maneno ya nani, kwa maana tulijua. Ni maneno ya watu wetu, wanaoimba pamoja naye kanisani, ambao wakiketi barazani karibu na njia ya kituo hutazama nani aingia mlango gani na siku gani.

Tulifuatana naye mpaka kituo cha karibu. Muuguzi alimpokea kwa upole, akamwandikisha. Kisha akatuambia sisi: "Baba Mchungaji, sisi huomba dawa kwa hesabu ya watu walioandikwa humu. Asiyeandikwa humu, kwetu ni kama hayupo." Neno hilo lilitukalia moyoni. Kwa kuwa ndivyo mambo yaendavyo: kituo hutuma taarifa ya wagonjwa wake, na kwa taarifa hiyo Bohari ya Dawa huleta dawa. Kwa hesabu hiyohiyo wakubwa huamua wapi pawekwe kliniki, na wapi pawe na mtu wa kuwatembelea wagonjwa nyumbani. Mama huyu alikuwa akihesabiwa mbali. Hatumlaumu, maana mgonjwa ana haki ya kutafuta tiba mahali atakapo. Lakini ni wangapi kama yeye? Kwa kila mmoja tunayemfukuza kwa ulimi, Kitangari yaonekana haina haja kwa kiasi hicho. Kisha twauliza kwa nini fedha haiji! Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Ni kweli, ila na yule aliyemfanya mwenzake afiche maradhi, kilio kile ni juu yake pia.

Basi, mzee wetu, jibu letu ni hili. Fedha hufuata hesabu, na hesabu hufuata amani ya mgonjwa. Mgao hauanzii Dodoma wala ng'ambo, huanzia barazani kwetu. Haki ya mkubwa ni kuhesabu vichwa pamoja na njia. Haki yetu sisi ni kumwacha jirani ahesabiwe pasipo aibu.

Yatupasa kutenda nini? La kwanza, tuufunge ulimi. Mwinjilisti au mzee ajuaye habari za mgonjwa na azitunze kama azitunzavyo maneno ya toba.

La pili, tuulize. Ziko kamati za UKIMWI katika halmashauri, kata na vijiji, na katika ile ya halmashauri wamo wajumbe wa dini na wajumbe wa watu waishio na virusi. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 ipo pia fedha ipelekwayo moja kwa moja katika akaunti za vituo, na kila kituo kina kamati ambayo wanakijiji hushiriki. Kuuliza, "Imekuja kiasi gani, nayo imetumikaje?" si uasi. Ni kazi ya wale saba wa Yerusalemu.

La tatu, tusidanganye. Tumesikia mtu akisema, "Tuongeze majina, fedha iongezeke." Hilo ni wizi. Dawa iliyoletwa kwa jina la mtu asiyekuwapo ni dawa iliyotolewa mkononi mwa mtu aliyepo mahali pengine, wala hutamwona akifa.

Mambo haya yametulemea zaidi tangu tarehe 20 Januari 2025, Rais wa Marekani aliposimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90 ili itazamwe upya. Baadaye dawa ziliruhusiwa kuendelea, lakini katika nchi nyingi watumishi waliolipwa kwa fedha hiyo walipoteza kazi. Nchi yetu ilikuwa imekwisha kuweka kwa sheria, mwaka 2015, Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI ili tujitegemee, na baada ya misukosuko ile kazi ya kuujaza mfuko huo imekuwa ya haraka. Fedha ya mgeni ikipungua, ya nyumbani itakuwa haba, na penye uhaba ndipo mgao hujaribiwa. Wakati wa wingi hata mgawaji mvivu huonekana mwenye haki. Wakati wa uhaba yule wa mwisho wa bomba ndiye akosaye kwanza, asipokuwapo mtu wa kumtaja.

Mama yule sasa achukua dawa zake hapa karibu, na nguvu zimemrudia. Jumapili iliyopita aliketi mahali pake pa siku zote. Dada mmoja, ambaye zamani ulimi wake ulikuwa mkali, alisogea akaketi karibu naye, wakatumia kitabu kimoja cha nyimbo. Hakuna aliyesema neno. Nasi tuliona ya kwamba kazi ya haki imeanza kwetu, ingawa imeanza kwa mtu mmoja.

Ndugu wapenzi, fikirini maneno haya. Nawe mzee wetu, utakapokutana nasi tena utuambie kama tumekujibu.