Barua ya Kukataliwa

Jioni moja, baada ya rozari, kijana mmoja wa hapa Luofu alinijia na daftari tatu na barua nne. Ndani ya daftari mna riwaya yake ya kwanza, kazi ya miaka miwili. Barua zatoka kwa mawakala wa waandishi huko Ulaya, nazo zote zasema neno moja: hatuwezi kuipokea. Akaniuliza, "Mwalimu, nizichome daftari hizi?"

Wakala ni mtu wa katikati. Akiipenda kazi ya mwandishi, huitafutia mchapaji wa vitabu, na kwa kawaida hupata asilimia 15 ya mapato. Huletewa maandiko mengi, huchagua machache, na mara nyingi hasemi kwa nini amekataa.

Ndugu msomaji, swali hili si la waandishi peke yao. Ni la kila mtu aliyetoa kazi ya moyo wake akaambiwa haitakiwi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha kwamba tumaini lina adui wawili: kukata tamaa, na kujitumainia kupita kiasi. Yeye alinena juu ya kumtumaini Mungu, lakini adui hao twawaona hata hapa. Mmoja husema, "Mimi si kitu." Wa pili husema, "Wale ni vipofu." Wote wawili wamefanya kosa lile lile: wameitwaa barua kuwa mizani ya kumpimia mtu, na kumbe iliandikwa juu ya daftari tu.

Basi tufanye nini? Mkulima wa milima yetu, maharagwe yake yakioza kwa mvua, haachi kulima, wala hakai akiitukana mvua. Hutazama udongo, mfereji na majira ya kupanda. Mwandishi naye asome tena, ampe rafiki asiyejua kusifu bure, asahihishe.

Tazama Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja. Riwaya yake ya kwanza, aliyoianza angali kijana huko Uingereza, ilikaa miaka mingi bila mchapaji, ikatoka mwaka 1987. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Lakini tusidanganyane: si kila mvumilivu hupata tuzo. Shaaban Robert, bingwa wa lugha yetu, alikufa mwaka 1962. "Utubora Mkulima" na "Siku ya Watenzi Wote" vilipigwa chapa mwaka 1968, wala yeye hakuviona. Je, vilikuwa vibaya kabla ya kupigwa chapa? Hasha! Wema wake ulikuwamo tangu siku alipoviandika.

Tukumbuke pia mfano wa talanta. Yule mtumwa mwoga hakuhukumiwa kwa kuwa alifanya biashara akapata hasara. Alihukumiwa kwa kuwa alifukia ardhini. Faida haimo mikononi mwetu yote. Kufanya kazi kwa uaminifu kumo.

Nilimjibu kijana, "Usichome. Lakini usizipeleke tena zilivyo." Akanyamaza, maana neno la pili lilimuuma kuliko la kwanza. Sasa anaandika upya sura ya kwanza. Kama itapokelewa, sijui. Najua kwamba hakuifukia talanta yake. Nasi, kila mmoja katika shamba lake, Mungu atujalie hivyo.