Kijiti cha Kupimia Oili

Somo: Mathayo 25:1-13



Mwezi huu, sisi kasisi na wazee wa kanisa, twataka kusema nanyi habari za gari letu la mtaa. Wengi mmeuliza, nasi yatupasa kujibu.

Mnajua ya kuwa injini ya pikapu yetu ilikufa njiani. Baadhi yenu mlitufariji mkisema kwamba shetani ametuzuia. Ndugu zetu, tusimsingizie shetani kazi tuliyoifanya kwa mikono yetu wenyewe. Ili kuokoa fedha za kanisa tuliamua kubadilisha oili sisi wenyewe, uani kwa kasisi. Nia ilikuwa njema. Tulimwaga oili chafu, tukaweka chujio jipya, tukafunga nati ya chini, tukamimina oili mpya. Tukachomoa kijiti mara moja, tukakiona kimelowa mpaka juu, tukasema, "Imejaa." Tukafunga boneti, tukaondoka. Njiani taa nyekundu ya oili iliwaka. Tukasemezana, "Tumekwisha karibia, tutatazama tukifika." Hatukufika. Injini ilikaza, ikazima, wala haikuwaka tena.

Kule tulikokuwa tukienda, mzee mmoja mgonjwa alikuwa akitungoja apewe Ushirika Mtakatifu. Tulifika kesho yake kwa baiskeli, tukakuta watu wanachimba kaburi. Jambo hili limetuuma kuliko hasara ya injini. Tumekwenda kwa jamaa zake kuomba radhi, nao wametusamehe. Nanyi pia twawaomba.

Fundi aliyeifungua injini alitueleza makosa yetu bila kutuficha. Kwanza, ua ule una mteremko, na gari lililoinama hupima uongo. Sharti lisimame mahali tambarare. Pili, tulipima mara tu baada ya kumimina, kabla oili haijateremka yote chini. Tatu, hatukukifuta kijiti. Mara ya kwanza kijiti hutoka kimepakwa oili iliyoshika njiani, kwa hiyo alama yake haiaminiki. Yapasa kukifuta kwa kitambaa safi, kukirudisha mpaka mwisho, kukichomoa tena, ndipo kusoma. Nne, chujio jipya hunywa oili. Ilitupasa kuiwasha injini kidogo, kuizima, kungoja dakika 5 hadi 10, kisha kupima upya na kuongeza kilichopungua. Tena hatukuchungulia chini ya gari kuona kama nati inavuja. Nayo ilikuwa inavuja.

Mmoja wetu akauliza, "Basi si heri kujaza tele ili tuwe salama?" Fundi akatikisa kichwa. Kijiti kina alama mbili, ya chini na ya juu, na oili haitakiwi kuipita ile ya juu. Ikizidi sana, vyuma vinavyozunguka huipiga ikawa povu, na povu halilindi chuma. Katika magari mengi, toka alama moja hadi ya pili ni kama lita 1 tu. Kwa hiyo humiminwa kidogo kidogo, huku ukipima. Na taa ile nyekundu haikuwekwa ili itukumbushe kupima. Huwaka wakati nguvu ya oili imekwisha pungua, na ikiwaka ni kusimama hapo hapo na kuzima injini.

Tulipokuwa tukimsikiliza tuliwakumbuka wale wanawali 10. Wote walikuwa na taa, wote walitoka kumlaki bwana arusi, na wote walisinzia. Tofauti yao haikuonekana mpaka usiku wa manane. Wale watano hawakumchukia bwana arusi; walidhani tu kwamba mafuta yanatosha. Na saa ile ilipofika, mafuta ya mwenzao hayakuazimika.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 11, ataka kila mtu ajihoji kabla ya kuula mkate na kukinywea kikombe. Je, sisi twajihoji namna gani? Mara nyingi twachomoa kijiti mara moja tu. Jumapili asubuhi, katikati ya haraka, twautazama moyo, twauona umelowa: tumeimba, tumetoa sadaka, watu wametusifu. Twasema, "Umejaa." Kumbe ni unyevu wa juu juu.

Basi tuzifute kwanza sifa za watu. Tutulie, maana injini inayozunguka haipimwi. Tusisimame kwenye mteremko wa kujilinganisha na jirani tunayemwona chini yetu. Ndipo tujihoji mara ya pili, mpaka mwisho. Je, yuko ndugu nisiyesema naye? Liko deni ninalolikwepa? Mke wangu, mume wangu, watoto wangu, wangesema nini wakiulizwa habari zangu? Tukikuta uchafu, tusimimine mpya juu yake. Toba ndiyo kuifungua nati ya chini. Na yule anayejaza siku zake zote kwa vikao vya kanisa, asipate hata saa moja ya kukaa na Mungu, naye ajipime, asije akawa povu.

Tusingoje taa nyekundu, wapendwa. Tulipoiona sisi, kulikuwa na mzee anayetungoja.

Baraza la mtaa limekubali kwamba tangu sasa, gari litakapotengenezwa, watu wawili watalipima kabla ya kila safari, kila mmoja kwa zamu yake, na kutia sahihi katika daftari. Na kila Jumamosi kabla ya Ushirika Mtakatifu kanisa litakuwa wazi tangu saa 10 jioni, pasipo wimbo wala hotuba, kwa kila atakaye kukaa kimya na kujihoji. Kasisi wenu na wazee watakuwapo. Sisi ndio wa kwanza wenye haja.

Tuombe: Ee Bwana, unayetujua kuliko tujijuavyo, utupe utulivu wa kujitazama, ujasiri wa kuukubali upungufu wetu, na neema ya kujazwa nawe ungali mchana, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.