Mwalimu Asiyekuona

Je, inafaa mtu mzima, tena mama mwenye wajukuu, ajifunze kucheza ngoma peke yake chumbani kwa kumfuata mwalimu aliye ndani ya video? Na kama inafaa, amchague vipi mwalimu huyo, ambaye hamjui wala hawezi kumwona? Maswali haya huonekana madogo, na pengine ya kuchekesha. Mimi niliyesomea ualimu Mpwapwa na kushika chaki miaka mingi kabla ya kustaafu, nayaona yamebeba mambo mawili mazito: heshima ya mtu ni nini, na kufundishwa ni nini.

Aliyeniletea maswali hayo ni shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wangu, anayeishi hapa Dodoma mjini. Daktari alimwambia kuwa sukari yake inapanda na kwamba hana budi kufanya mazoezi. Kukimbia hawezi, kwa kuwa magoti yanamsumbua. Akaona katika simu wanawake wakicheza ngoma ya kiuno ya Kiarabu, ambayo wengi huiita dansi ya tumbo. Ikampendeza kwa sababu haina kurukaruka. Kazi kubwa hufanywa na nyonga, tumbo na mabega. Mwanawe mkubwa alipogundua, alikasirika. Alikuja kwangu, akaniamkia, akasema, "Baba mkubwa, naomba umkanye mama. Baba hajamaliza hata miaka miwili kaburini. Watu watasema nini?" Kesho yake shemeji naye akaja, lakini hakuja kujitetea. Aliniuliza tu, "Shemeji, wewe ni mwalimu. Video ziko nyingi. Nifuate ipi?"

Hofu ya kijana si ya kupuuzwa. Maneno ya watu huumiza, na mtoto anayelinda jina la wazazi wake hafanyi kosa. Lakini hebu tuitazame ngoma yenyewe. Katika nchi za Kiarabu watu waliicheza, na bado wanaicheza, majumbani na harusini, mara nyingi wanawake wakiwa na wanawake wenzao. Jina la dansi ya tumbo lilivuma Marekani baada ya maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, ambako watu walilipa kiingilio ili kushangaa. Mwaka 1926 Badia Masabni alifungua ukumbi wake mjini Cairo, na jukwaa na mavazi ya kumeta yakashika nafasi. Kwa hiyo ngoma hii ina sura mbili: ya ukumbini, inayochezwa kwa ajili ya macho ya mtazamaji, na ya nyumbani, inayochezwa kwa ajili ya mchezaji mwenyewe na wenzake. Kijana ameiona ya kwanza, na mama yake anaitaka ya pili.

Wala jambo hili si geni kwetu. Katika unyago wa Pwani na Visiwani, wanawake wamefundishana kuzungusha kiuno vizazi na vizazi, na milango ikifungwa. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini pia alikuwa mwalimu wa unyago. Hapa kwetu Ugogo, wanawake huzibana ngoma za muheme kati ya mapaja na kuzipiga mpaka vumbi linatimka, na hakuna mzee anayesema wamevunja heshima. Tukubali basi kwamba kilichofichwa si lazima kiwe cha aibu. Mara nyingine kimefichwa ili kisiharibiwe na macho yasiyohusika.

Wapo watakaouliza kwa nini asicheze muheme, akaacha ya wageni. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962, alisikitika kwamba tulijua rumba na chachacha huku wengi wetu hatujapata hata kuzisikia Gombe Sugu na Lele Mama. Lakini katika hotuba hiyohiyo alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Mtu huazima akiwa na chake. Shemeji muheme anaujua tangu usichana, hakuna alichokitupa.

Sasa nije kwenye kuchagua. Chuoni tulifundishwa kwamba darasani kuna macho ya pande mbili: mwanafunzi humtazama mwalimu, na mwalimu humtazama mwanafunzi. Video ina macho ya upande mmoja tu. Ukipinda mgongo vibaya, mwalimu wa video ataendelea kutabasamu. Basi mwalimu mwema wa namna hii ni yule aliyewaza makosa yako kabla hujayatenda, akakwambia mahali utakapokosea na maumivu gani yanakutaka uache.

Nilimwambia shemeji aangalie mambo haya. Je, mwalimu anaupasha mwili moto kwanza na kuutuliza mwishoni? Je, anaivunja hatua moja vipande vipande, polepole, akiionyesha kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma? Anayekutazama, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto, na wengi hupotea hapo. Je, masomo yake yana mpangilio, la leo likisimama juu ya la jana? Kama lugha yake huielewi, je, mikono yake na kuhesabu kwake vinatosha kukuongoza? Je, anasema ngoma hii imetoka wapi, au anaiuza kama kitu alichokizua yeye? Mwisho, kamera inatazama nini? Ikitazama hatua, hilo ni somo. Ikipenda mwili kuliko hatua, hayo ni maonyesho, na hapo kijana wetu ana haki ya kununa. Idadi ya waliotazama isimdanganye, maana soko lenye kelele si lazima liwe na bidhaa njema.

Hata hivyo, macho yale ya upande wa pili bado yanakosekana. Hapa nilikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio nayo haikuwaona wasikilizaji wake. Kwa hiyo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wenye vitabu na viongozi waliofunzwa. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Redio ilitoa maarifa, na jirani akatoa macho. Nilimshauri shemeji asijifungie peke yake, bali atafute wenzake wawili wa rika lake, mmoja akicheza mwingine amtazame mgongo na magoti. Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Watatu huzitimiza kwa urahisi kuliko mmoja. Na daktari aambiwe kuhusu hayo magoti.

Kijana nilimwita, nikamwambia kwamba kumwomboleza baba yake hakumdai mama yake amfuate. Nilimwuliza angependa watu waseme nini: kwamba mama yake alicheza, au kwamba aliugua akiwa amekaa kwa ajili ya heshima? Hakunijibu. Mpaka leo hajasema amekubali, ila kifurushi cha intaneti cha simu ya mama yake ananunua yeye.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo tumeizoea kwa maana ya fedha zinazobandikwa kipajini mwa mchezaji. Mimi naisoma pia kwa maana ya pili ya neno kutunza. Kwa mtu ni pale anapoweza kucheza vibaya bila kuchekwa, akasahihishwa bila kuvunjwa moyo, na akiumia akashikwa mkono. Video, hata iwe njema kiasi gani, haiwezi kumtunza mtu hivyo. Inaweza kumwonyesha hatua. Kumtunza ni kazi yetu sisi tulio naye.