Kitu Kimoja, Majina Mawili

Wajukuu zangu, mlangoni pa kanisa letu, upande wa kushoto unapoingia, pana kikapu cha ukindu chenye khanga nne. Binti akija na suruali, au na sketi ambayo mzee wa zamu ameipima kwa jicho akaiona fupi, hufungwa khanga moja kiunoni ndipo aruhusiwe kwenda kumwabudu Mungu. Jumapili iliyopita alifungwa mmoja wa wenzenu. Hakusema neno. Alikaa benchi la nyuma, na ilipofika saa ya sadaka hakuwapo tena. Khanga ilikuwa imekunjwa vizuri pale alipokuwa amekaa.

Mzee wa zamu siku hiyo nilikuwa mimi.

Nimekaa katika baraza la wazee wa usharika kwa miaka 40 na ushei, na kwa 20 kati ya hiyo nilikuwa katibu. Kwa hiyo haya ya unafiki ninayotaka kuwaambia sikuyasoma popote. Niliyaandika mwenyewe, kwa mkono huu, katika madaftari ambayo yamo kabatini hadi leo.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Wataalamu wao wa lugha wa zamani walilihusisha na shimo la panya wa jangwani, yule arukaye kwa miguu ya nyuma. Huchimba mlango mmoja wa kuonekana, na mwingine huuacha umezibwa kwa udongo mwembamba. Ukimvizia huku, yeye hutoboa kule akaenda zake. Mimi katika utumishi wangu niligundua kwamba milango hiyo miwili, kwetu sisi wa kanisani, mara nyingi ni maneno mawili. Kitu ni kile kile, lakini kina jina la kwako na jina la mwenzako.

Kijana akinywa lubisi kilabuni ni mlevi. Mzee akinywa kibuyu hicho hicho nyuma ya kibanja chake, anaonja tu kama ndizi zilikuwa zimeiva. Binti wa mjane amepata mimba. Binti wa mwenyekiti amejaliwa mapema. Fundi akitoka na mabati matatu ni mwizi, na mtunza hazina akizipeleka fedha za ujenzi dukani kwake, huyo amejiazima. Mnacheka. Sisi pia tulikuwa tunacheka, ila tulisubiri kikao kifungwe kwanza.

Haikuanza hivyo. Septemba 1929, huko Namirembe, Kampala, Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church, aliyekuwa na kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikaa pamoja na Biblia zao, kila mmoja akijitafuta mwenyewe. Katika miaka ya 1930 uamsho ukashika Gahini, ukaenea Uganda, ukavuka kuja kwetu Buhaya, ukafika hadi Kenya. Hao ndio tuliowaita walokole. Nguvu yao haikuwa katika kuimba, ingawa waliimba. Mtu alisimama mbele ya watu akaitaja dhambi yake kwa jina lake kamili. Aliyeiba alisema ameiba, kisha akabeba kitu cha watu akakirudisha. Mzungu alimwomba radhi Mwafrika kwa kumdharau, na wakati wa ukoloni hilo halikuwa jambo dogo. Kuungama huko walikuita kutembea nuruni.

Ila taa ina tabia yake. Ukiishika ikumulike usoni, macho yanauma. Mkono unageuka wenyewe, inammulika jirani. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha kanisa huko Mukono, Uganda, kwa ajili ya uamsho huo. Wakubwa waliona vijana wale wana kiburi cha kuwahukumu walimu wao. Vijana waliona wakubwa wanaiogopa nuru. Mimi nahisi kila upande uliona vizuri kabisa kosa la mwenzake. Nami nilipoanza kuhudhuria mikutano ya ushirika, ujana wangu ukiwa haujaisha, swali lilikuwa limeshageuka. Hatukuulizana tena, “Wewe umetenda nini?” Tuliulizana, “Fulani ameokoka kweli?” Na jibu tulilitafuta kwenye nywele, hereni na kisigino cha kiatu.

Sasa niwaambie la kwangu.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa hapa Kagera, mwaka 1983. Ninyi mmekua dawa zikiwapo. Sisi hatukuwa hata na jina. Watu waliuita Juliana, kutokana na nguo za fasheni zilizokuwa zikiletwa kwa magendo kutoka Uganda, kwa kuwa waliotangulia kukonda tuliowaona walikuwa wafanyabiashara wa mpakani na wapenzi wao. Tazameni jina lile lilivyotufaa. Ugonjwa wenye jina la nguo ya mchuuzi ni wa wachuuzi. Sisi ulituhusu nini?

Mwaka 1985 alirudi kijijini kijana aliyewahi kufundisha shule ya Jumapili kabla ya kwenda mpakani kutafuta maisha. Alirudi mifupa mitupu. Mama yake akatuma ujumbe kwamba mwanawe anaomba Meza ya Bwana. Baraza likatuteua watatu twende tukamhoji, mimi nikiwa mwenye kalamu. Viti vilikuwapo, hatukukaa, tulisimama mlangoni. Tulimtaka ataje wanawake, mmoja mmoja. Akataja mmoja. Tukamwambia ataje wote. Alipochoka aliomba maji. Kikombe kilikuwa juu ya stuli, na aliyekuwa karibu nacho kuliko wote nilikuwa mimi. Nilikitazama, kisha nikatazama daftari. Mama yake akatoka jikoni, akakichukua.

Niliandika neno moja: Hajatubu. Alikufa baada ya siku 11. Kengele haikupigwa, mchungaji hakuja, na waliomzika ni mjomba wake na vijana wanne waliopewa pombe kwanza ili wapate moyo wa kumgusa.

Mwaka 1989 mmoja wa wale watatu tuliosimama mlangoni alianza kukonda naye. Tulijua. Mkewe alijua, na miaka miwili baadaye alimfuata. Mzee yule alizikwa kwa kengele, kwaya mbili na sifa za mtumishi mwaminifu, na daftarini nikaandika kwamba alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Kutoka ukurasa wa kijana hadi ukurasa wa mzee, karatasi zote za katikati hazifiki unene wa kidole. Wajukuu zangu, sisemi kengele ya mzee ilipigwa kimakosa. Nasema ya yule kijana ndiyo tuliyoinyamazisha, na mwandiko ulioinyamazisha ni huu mnaoujua, niliowaandikia vyeti vya kipaimara.

(Palikuwa na mama mmoja, mlokole wa wale wa zamani, hakujua kusoma. Miaka ile aliwaogesha wagonjwa kwa mikono yake na kuwapikia uji, wa kanisani na wasio wa kanisani, wala hakumwuliza mtu ameupata wapi. Hakuna aliyewahi kupendekeza jina lake katika baraza. Mimi pia sikulipendekeza.)

Mtasema hilo lilikuwa woga wa ugonjwa, watu wote waliogopa. Ni kweli, kwa sehemu. Lakini mwaka 1994 hatukuwa na kisingizio hicho. Yalipoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, maiti zilielea katika mto Kagera zikapita kwetu hadi Ziwa Victoria. Nchi ile ilikuwa ya wabatizwa. Gahini ya uamsho iko huko huko. Watu walikimbilia makanisani, Nyarubuye, Ntarama, wakauawa humo ndani, na miongoni mwa waliowaua walikuwamo waumini wenzao. Jirani walimwita mende. Kuua wakakuita kazi. Na daftari la baraza letu la Mei mwaka huo lina ajenda moja iliyotuchukua kurasa nne: wanakwaya wanaotia nywele dawa. Mto haukutajwa.

Nimelisoma daftari hilo mara nyingi tangu nistaafu ukatibu. Sidhani tulikuwa watu wabaya kuliko wengine. Tulikuwa tumezoea tu kuona kinachoonekana kwa mwingine na kilicho chepesi kupimwa. Nywele unaweza kuzipima. Chuki ya miaka kumi kati ya familia mbili zinazokaa mabenchi yanayofuatana haina urefu wala rangi, basi haikuingia kwenye ajenda hata siku moja.

Najua mtakachoniuliza: basi tunyamaze, kila mtu afanye apendavyo? Hapana. Tena hapo mkae macho, maana hakuna anayelipenda lile agizo la Yesu la kutohukumu kama mtu anayedaiwa hesabu. Mtunza hazina wetu yule alilijua kwa moyo, sura na mstari. Kumtaka mtu aonyeshe stakabadhi si kumhukumu. Mwanamume anayempiga mkewe usiku na kuongoza maombi asubuhi, msimwache eti sote tu wakosefu. Mtume Paulo alipopata habari za mtu wa Korintho aliyekuwa na mke wa baba yake, hakuzungukazunguka. Aliagiza aondolewe kati yao. Nidhamu ya kanisa ipo, na ni kitu kizuri ikiwa inamfikia mwenye gari kama inavyomfikia mwenye baiskeli. Kwetu imekuwa ikiishia kwa watembea kwa miguu.

Someni sura ya 18 ya Mathayo, mtaona utaratibu. Ndugu yako akikosa, nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Kanisa linakuja mwisho. Sisi tuliugeuza: kanisa zima linajua, kisha wajumbe wawili watatu wanatumwa, na mtu wa kuongea naye peke yake, kwa upole, hapatikani kamwe. Katika miaka yangu yote barazani sikumbuki kesi hata moja ambayo mshitaki alipoulizwa, “Umekwenda kwake kwanza?” alijibu ndiyo. Na sisi tuliacha kuuliza.

Jingine ni lile la Antiokia, katika waraka kwa Wagalatia. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa bila shida. Walipokuja wageni kutoka kwa Yakobo, akaogopa macho yao, akajitenga, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo alimwambia usoni, mbele ya wote, kwa sababu kosa lenyewe lilifanyika mezani mbele ya wote. Nalipenda tukio hili kwa kuwa aliyekosolewa ni mkubwa na waliopuuzwa ni wageni wasio na mtetezi. Barazani kwetu aliyesimamishwa mbele ya watu alikuwa karibu kila mara asiye na mtetezi, na wakubwa tuliwakosoa njiani, tukirudi nyumbani.

Nanyi msijione mko salama. Mnatuita wazee wanafiki, na nimeshawapa ushahidi wa kutosha kwa hilo. Lakini mjukuu wangu mmoja alinionyesha kundi la WhatsApp la kwaya ya vijana. Pameandikwa pale kwamba tumwombee dada fulani, na hapo chini picha yake akitoka nyumba ya wageni, na chini ya picha watu 31 wameweka alama za mikono ya sala. Sisi tulikuwa na daftari moja, limefungiwa kabatini. Ninyi mnalo mfukoni, na mnaliita ombi la maombi. Yule dada hakufuatwa na mtu. Niliuliza.

Na wale mlioacha kuja kabisa kwa sababu yetu, sitawasuta. Ila nawaomba jambo moja. Msije mkakaa huko nje mkijenga baraza lenu, la wasafi waliotoka kati ya wanafiki. Nimeliona hilo pia. Lina katibu, lina daftari, linakosa kengele tu.

Jumatano nilikwenda nyumbani kwa binti yule wa Jumapili. Sikubeba Biblia wala kalamu. Bibi yake alinipa chai, tukaongea habari za mvua na migomba. Binti hakutoka chumbani, na ni haki yake. Nilisema nilichokwenda kusema kwa sauti ya kutosha kupita mlango, kwamba nilimwaibisha mbele ya nyumba ya Mungu na kwamba ninaomba radhi. Sikujibiwa. Nitakwenda tena.

Kile kikapu sasa kiko kwangu, na khanga zake zote nne. Mwenyekiti, kwa heshima yake kwangu, anawaambia watu kwamba babu amekihifadhi. Mimi sikukihifadhi. Ni mali ya usharika, na nimeichukua usiku bila idhini ya mtu. Nimeiba. Ndivyo nitakavyosema nikiulizwa, na nimemwomba katibu wa sasa aliandike neno hilo kama lilivyo. Kikao ni Jumamosi, saa tisa alasiri.