Muuguzi na Mjumbe

Methali yetu husema kuwa mjumbe hauawi. Maana yake ni wazi kwa kila aliyesikia habari za wafalme wa kale. Mtu aliyetumwa kupeleka maneno hana hatia ya maneno hayo, hata yakiwa ya matusi au ya vita. Hatia ni ya yule aliyemtuma. Methali hii ni ya haki, na hapana shaka imeokoa shingo nyingi. Lakini methali ni kama vazi, haimkai sawasawa kila aivaaye. Nataka tuchunguze kama inamfaa mtu mmoja ambaye wengi wetu, tukijaliwa maisha marefu, tutakuwa mikononi mwake siku moja, yaani muuguzi anayetoa dawa.

Swali lenyewe ni hili. Daktari ameandika kipimo cha dawa, au amekitaja kwa simu. Muuguzi akikitazama anaingiwa na shaka kuwa kimepita kiasi. Akikitoa, na mgonjwa akadhurika au akafa, je, yeye ana hatia, au hatia yote inapanda juu kwa daktari aliyeamuru?

Nimewauliza wanafunzi swali hili mara kadhaa, na kila mara walio wengi humwachilia muuguzi. Sababu wanazozitoa si za kipuuzi. Husema kuwa hapa Kenya daktari husoma chuo kikuu miaka 6, kisha hufanya kazi mwaka mzima chini ya macho ya wakubwa wake kabla ya kuachwa asimame peke yake; muuguzi wa stashahada husoma karibu nusu ya muda huo. Mwenye elimu ndogo atamsahihishaje mwenye elimu kubwa? Husema pia kuwa manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, na wodi ni chombo. Msichana mmoja alitoa hoja ambayo kwangu ni nzito kuliko hizo zote. Alisema kuwa dawa isiyotolewa huweza kuua kama ile iliyozidishwa, na muuguzi aliyezoea kushuku kila amri atawaacha wagonjwa wafe huku akijadiliana na nafsi yake. Asiyeona nguvu ya hoja hii hajapata kumwona mtoto akitupwatupwa na degedege usiku.

Ili tulipime swali vizuri, yatupasa kwanza tujue dawa ni kitu gani. Wengi wetu hudhani kuwa dawa ni kitu chema na sumu ni kitu kibaya, na kwamba hivi viwili vimewekwa katika makabati mbalimbali. Sivyo. Paracelsus, tabibu wa Uswisi aliyeishi katika karne ya 16, alifundisha kuwa kinachoitenga dawa na sumu ni kipimo tu. Chukua parasetamoli, ambayo hakuna duka la kijijini lisilokuwa nayo. Kidonge kimoja kina miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya asipite vidonge 8 kwa siku, usiku na mchana, kwa sababu ini ndilo linaloivunja dawa hiyo, nalo likilemewa huanza kufa bila maumivu ya kumwonya mwenyewe siku ya kwanza. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Fanyeni hesabu: mtoto wa kilo 12 hahitaji zaidi ya miligramu 180 kwa mara moja. Mama anayempa kidonge kizima cha mtu mzima amempa karibu mara tatu ya kiasi cha juu, naye amefanya hivyo kwa mapenzi.

Njia nayo ina maana kubwa. Dawa iliyomezwa hupita tumboni, ikapita ini, na sehemu yake hupotea njiani kabla ya kuingia katika mzunguko wa damu. Dawa iliyotiwa katika mshipa hufika moyoni kwa muda mfupi sana, wala haina wa kuipunguza. Kwa hiyo kipimo kinachofaa mdomoni huenda kikawa mauti mshipani. Kisha kuna kutoka. Figo za kijana hufagia mabaki ya dawa upesi. Figo za mzee huyaacha yakilimbikizana, hata kipimo kile kile kilichomsaidia Jumatatu kikaweza kumdhuru Ijumaa.

Sasa tazameni digoksini, dawa ya moyo. Kidonge chake cha kawaida ni robo ya miligramu, huandikwa 0.25. Nukta ikisogea nafasi moja tu kwenda kulia kinakuwa kipimo cha mara kumi. Dawa hii hupunguza mapigo ya moyo, na umbali kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru ni mdogo sana. Ndiyo maana muuguzi hufundishwa kwamba kabla ya kumpa mtu mzima kidonge hicho ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya 60 asimpe; amwarifu daktari.

Angalieni jambo lililofanyika hapa. Daktari ameandika: mpe. Chuo kimemwambia muuguzi: huenda usimpe. Mjumbe wa mfalme haruhusiwi kuifungua barua, lakini muuguzi ameamriwa kuifungua, kuisoma, na kuirudisha kwa aliyeiandika ikiwa haimfai anayepelekewa. Hata maswali matano anayofundishwa kujiuliza mbele ya kila kitanda yana maana hiyo. Je, mgonjwa ndiye huyu? Dawa ndiyo hii? Kipimo ndicho hiki? Njia ndiyo hii? Saa ndiyo hii? Swali la kwanza huonekana la kitoto, lakini lina hila ndani yake. Muuguzi mwerevu hamwulizi mgonjwa, “Wewe ndiwe Wanjiru?” kwa kuwa mtu mwenye homa kali, au asiyesikia vizuri, huitikia “ndiyo” kwa kila jina. Humwuliza, “Jina lako nani?” kisha akalilinganisha na maandishi.

Maswali hayo yote matano, pamoja na kusoma maandishi ya chupa, hayamalizi dakika nyingi. Nadhani hili lajibu sehemu ya hoja ya yule msichana. Shaka ya muuguzi ina kipimo chake, kama dawa. Anayeshuku kila kitu amezidisha. Asiyeshuku lolote hajameza hata kidonge kimoja cha shaka.

Lakini kujua ni kitu kimoja, na kutenda ni kingine. Mwaka 1966 daktari mmoja wa Marekani, Charles Hofling, alitangaza pamoja na wenzake matokeo ya jaribio walilolifanya katika hospitali. Muuguzi akiwa zamu peke yake alipigiwa simu na mtu asiyemjua aliyejiita daktari. Mtu huyo alimwagiza ampe mgonjwa fulani miligramu 20 za dawa iliyoitwa Astroten, akasema atakuja baadaye kutia sahihi. Kisanduku cha dawa kilikuwa kimeandikwa waziwazi kuwa kiasi cha kawaida ni miligramu 5, na kiasi cha juu kwa siku ni 10. Dawa hiyo haikuwa katika orodha ya wodi, na kupokea amri kwa simu namna hiyo kulikatazwa na kanuni. Kati ya wauguzi 22, 21 waliandaa dawa ile wakaelekea kitandani, ndipo wakazuiwa. Dawa yenyewe ilikuwa sukari tu. Wauguzi wengine 12 waliulizwa wangefanya nini katika hali hiyo, na 10 walisema wangekataa. Wanafunzi wa uuguzi 21 waliulizwa vilevile, nao wote walisema wangekataa.

Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hiyo walicheka. Kisha nikawauliza ni nani kati yao amewahi kumwambia mwalimu kuwa hesabu aliyoiandika ubaoni ina kosa, na kicheko kikakoma. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, nasi tumelelewa nayo. Wala sitaki mtu asome insha hii akadhani nawafundisha vijana utovu wa adabu. Lakini ziko sauti ambazo zikisema, masikio yetu husikia cheo kabla ya kusikia maneno.

Mwaka 1977 watafiti wengine wa Marekani, Rank na Jacobson, walilirudia jaribio hilo kwa kulibadili. Safari hii dawa ilikuwa ile wauguzi waliyoijua vizuri, tena walikuwa na nafasi ya kuzungumza na wenzao. Kipimo kilichoagizwa kilikuwa kikubwa mno. Kati ya wauguzi 18 ni wawili tu waliokuwa tayari kutii amri mpaka mwisho. Sidhani kuwa wa pili walikuwa mashujaa kuliko wa kwanza. Walikuwa na vitu viwili ambavyo wenzao hawakuwa navyo: waliijua dawa, na walikuwa na mtu wa kumwuliza. Kwa hiyo mimi huona kuwa hatia ya kutii amri mbaya huanza zamani, kabla ya usiku wenyewe. Huanza darasani, mwanafunzi anapokariri majina ya dawa ili apite mtihani bila kutaka kujua zinafanya nini mwilini. Huanza pia kwa mkubwa anayemkaripia muuguzi mbele ya wagonjwa kwa sababu ameuliza. Mkubwa huyo amelizima swali lijalo, ambalo pengine lingemwokoa yeye mwenyewe.

Yupo atakayeniuliza kama nataka basi kila muuguzi aliyekosea afungwe. Mwezi wa Desemba 2017, katika mji wa Nashville huko Marekani, mama wa miaka 75 alikuwa anakwenda kupigwa picha ndani ya mashine, na daktari akaagiza apewe dawa ya kumtuliza. Muuguzi alipiga herufi mbili za kwanza za jina la dawa katika kabati la kompyuta, akatoa dawa nyingine iliyoanza kwa herufi zizo hizo. Ilikuwa dawa ya kulegeza misuli yote, hata ile ya kupumua. Mgonjwa akafa. Muuguzi alikiri kosa lake, na mwezi wa Machi 2022 mahakama ikamtia hatiani kwa kuua kwa uzembe. Hukumu yake ikawa kifungo cha nje cha miaka 3. Wauguzi wengi walilalamika, wakasema kuwa mtu akishtakiwa kwa kosa alilolikiri, wengine watajifunza kuficha.

Naona malalamiko hayo yana ukweli mwingi, kwani kosa lililofichwa halimfundishi mtu yeyote, na kabati lile litabaki kumtega muuguzi wa kesho. Kuwa na hatia na kutiwa gerezani ni mambo mawili. Lakini hebu tazameni tena: huko Nashville amri ya daktari ilikuwa njema, ikaharibika katika mkono wa mwisho. Ikiwa mkono huo waweza kuiharibu amri njema, basi hauwezi kuwa mfereji tu unaopitisha maji. Una uwezo wake wenyewe, na palipo na uwezo pana dhima.

Hili si la wauguzi peke yao. Wengi wenu mtakuwa makarani, wakulima, madereva, na huenda msivae kamwe sare ya hospitali. Hata hivyo ni ninyi mnaotumwa kumpa nyanya yenu dawa kwa kuwa mnajua kusoma, na vijiko vya jikoni havilingani, ilhali kijiko kinachotajwa katika chupa ni mililita 5. Akisema, “Nipe viwili, kimoja hakinisaidii,” mtakuwa mbele ya swali lile lile, na mwenye kuamuru atakuwa mkubwa mnayempenda.

Mvulana mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliniuliza: zahanati iko mbali, ni usiku, muuguzi ni mmoja, na daktari aliye kwenye simu amekwisha kasirika. Afanye nini? Nilimwambia kuwa kwanza aurudie wito, amsomee daktari maneno aliyoyasikia, tarakimu moja moja, maana kwa Kiingereza 15 na 50 hufanana masikioni. Kisha amsomee yaliyoandikwa katika chupa. Aghalabu ubishi huishia hapo, na daktari hushukuru. Asiposhukuru, amtafute mwingine kwa simu, mkuu wake au mfamasia. Asipompata yeyote, na shaka yake ingali ina sababu, asiitoe dawa ile, wala asikibadili kipimo kwa akili yake mwenyewe. Amwambie daktari kuwa hakuitoa, aandike katika daftari saa, amri, na sababu, kisha avute kiti karibu na mgonjwa, amhesabie pumzi na mapigo ya moyo mpaka msaada ufike.

“Na akifukuzwa kazi, mwalimu?”

Nilimjibu kuwa huenda akafukuzwa.