Kauli ya Mwenye Shamba

Swali la iwapo mtumiaji wa kanzidata aruhusiwe kuielekeza mashine namna ya kutafuta jibu huonekana kuwa la mafundi peke yao, ilhali ndani yake mna swali la kale la falsafa ya elimu: nani asikilizwe pale mpangaji aliye mbali na mtu aliyepo mahali penyewe wanapojua mambo tofauti. Tangu mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd alipotoa nadharia yake ya majedwali mwaka 1970, mtumiaji hutaja tu anachotaka, na njia ya kukipata huachiwa kipangaji, yaani sehemu ya programu inayokadiria gharama ya kila njia na kuchagua iliyo nafuu. Dokezo ni neno ambalo mtumiaji huliongeza ili kuingilia uchaguzi huo. Programu ya kanzidata ya Oracle inalikubali, lakini watengenezaji wa PostgreSQL, programu nyingine ya aina hiyo, wamekataa kwa miaka mingi kuliweka ndani ya programu yao.

Kipangaji hakisomi data yote bali hutegemea takwimu za sampuli, na hapo ndipo kinapoteleza. Katika orodha ya watu milioni 1 ambamo 50,000 wanaishi mkoa wa Morogoro na 7,000 wilaya ya Mvomero, kipangaji kinachochukulia kwamba sifa hizo mbili hazihusiani huzidisha sehemu hizo na kutarajia watu 350 tu, kwa kuwa hakijui jambo ambalo mtoto yeyote wa Mzumbe, iliyomo wilayani humo, analijua, kwamba Mvomero yote imo ndani ya Morogoro. Kosa hilo la mara 20 laweza kukifanya kichague njia ifaayo watu wachache, na kazi ya dakika ikawa ya saa.

Milima ya Uluguru, ambayo Mzumbe iko chini yake, ilikwisha kulijua swali hili la nani asikilizwe kwa jembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni, ikiwa na hofu ya haki kabisa kuhusu mmomonyoko, iliwaamuru Waluguru, wakazi wa milima hiyo, kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, nao wakaona kwamba uchimbaji huo ulifukia udongo wa juu na kuibua udongo wa chini usio na rutuba. Mpango haukuwa na mahali pa kuipokea habari hiyo, ingawa mwaka 1953 ilianzishwa Mzumbe kwenyewe shule ya kuwafunza watendaji wa serikali za mitaa. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, kwenye milima hiyohiyo, na mpango ukaachwa.

Mtumiaji aliyekesha akingoja ripoti atapenda kusema kwamba kipangaji ni bwana shamba wa kikoloni na yeye ni mkulima, lakini ulinganisho huo humgeukia. Dokezo linaloamuru kwamba itumike faharasa fulani, yaani orodha ya pembeni inayoonyesha kila rekodi ilipo, hubaki lilelile hata data ikiongezeka mara 100, kama amri ya matuta ilivyopita juu ya miteremko isiyofanana. Mkulima wa Matombo hakudai kumpangia mtu njia. Alikuwa na habari ya udongo. Dokezo la namna hiyo, la habari badala ya amri, lipo pia: tangu toleo la 10, la mwaka 2017, PostgreSQL humruhusu mtumiaji kuagiza zikusanywe takwimu za safuwima zinazotegemeana, kama wilaya na mkoa, kisha kipangaji huamua chenyewe. Habari huweza kupimwa na kukanushwa, ilhali amri hutiiwa tu mpaka mtu akumbuke kuifuta.

Hata hivyo, kuikataa amri kabisa ni ukali wa asiyelipa gharama, maana anayekwama leo hawezi kuambiwa angojee toleo lijalo. Dokezo la amri liruhusiwe, ila aliandikaye aandike pia sababu yake na tarehe ya kulipitia upya.