Keti Kwanza, Piga Hesabu



Dada mmoja wa familia ya Kikongo inayoishi Marekani ameniuliza: "Frateri, nimepata chuo cha umma, ila kiko jimbo lingine. Ada yake ni mara tatu ya hapa kwetu. Nikiacha, si ni kukosa imani?"

Hapana, dada. Vyuo vya umma kule huwapunguzia ada wakazi wa jimbo, maana kodi zao ndizo zinazovichangia. Ukitoka nje, tofauti hiyo unaibeba wewe, mara nyingi kwa mkopo.

Katika Luka 14:28 Yesu anamtaja mjenzi wa mnara: anaketi kwanza, anahesabu gharama. Basi kuhesabu nako ni imani.

Keti na wazazi. Kozi hiyo nyumbani haipo kweli? Deni atalipa nani? Maana deni hufunga milango jamani: hata Sheria ya Kanisa, kanuni 644, inakataza kumpokea unovisi mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa.

Kama kozi iko kule tu na hesabu inakubali, nenda kwa amani. Kama unafuata jina la chuo tu, baki.

Tusali: Bwana, nisaidie kuanza ninachoweza kukimaliza. Amina.